Udongo Usilale Njaa

Unyayo ulianzia kisiginoni. Ilikuwa saa sita mchana na dakika chache, jua limesimama juu ya nailoni ya kitalu, na njia iliyopita kati ya tuta la tatu na la nne ilikuwa bado nyeusi kwa unyevu wa asubuhi. Mama Kitalu alikuwa amechuchumaa hatua mbili tu kutoka pale, kisu cha kupogolea mkononi, kwa hiyo hakusimuliwa na mtu. Aliona kwa macho yake. Weusi wa udongo ulififia ukawa kijivu, kisha weupe ukachipuka kwenye kisigino, ukapanda polepole kufuata soli mpaka kwenye ncha ya kiatu, hadi mguu mzima ukawa umetokea pale chini, na hapakuwa na mtu juu yake. Mbele ukatokea wa pili. Huo haukuwa kamili. Ulikuwa ncha tu, na pembeni mburuzo mfupi uliokwenda kwa nje.

Hakupiga yowe. Mburuzo ule alikuwa ameusikia kwenye sakafu ya nyumba yake kwa miaka kumi na minne, ukienda jikoni, ukirudi chumbani, ukimwamsha kabla ya jogoo wa jirani. Moyo ulimwenda mbio, ndiyo, lakini si kwa hofu.

"Karibu, Fundi," alisema kwa sauti ndogo.

Mwenye mguu ule alikuwa mumewe, na mumewe walikuwa wamemzika miezi saba kabla.

Enzi za uhai wake watu wote walimwita Fundi, kwa kuwa alikuwa fundi bomba, na hapakuwa na bafu wala tangi mtaani pale ambalo mkono wake haukuligusa. Siku moja akaanguka kutoka kwenye mnara wa tangi. Nyonga ikaunga vibaya, mguu wa kulia ukabaki kuburuzwa, na kazi ya kupanda juu ikamwisha. Mtu mwingine angekaa barazani kuhesabu wapita njia. Yeye alikusanya mabomba yake yote, akayapinda yakawa mbavu za nyumba ndefu, akaivisha nailoni nyeupe, akatandaza ndani mipira ya kudondosha maji tone kwa tone, na miaka miwili baada ya kuanguka akapanda pilipili hoho. Mvua hakuitaka kabisa. Alisema mvua ni mgeni asiyepiga hodi, huja ukiwa hujajiandaa na huondoka ukiwa bado unamhitaji, naye alitaka maji yanayotii. Kwa miaka kumi na miwili, hakuna hata tone moja la mbinguni lililogusa udongo ule.

Na aliulisha. Hakuna neno jingine. Kila wiki alikoroga mbolea kwenye tangi, akafungua koki, akasimama kusikiliza mipira ikitona kama mtu anayesikiliza watoto wake wakila. Miaka ya mwanzo hoho zilitoka kubwa na zinang'aa hata jirani mmoja akabonyeza moja kwa kucha kuhakikisha kuwa si ya mapambo. Fundi alicheka wiki nzima. Siku yake ya mwisho kitandani alimshika mkewe kifundo cha mkono, akamvuta karibu, akasema, "Usiuache udongo wangu ulale njaa." Wengine huacha wasia wa mashamba na nyumba na ugomvi, Fundi aliacha sentensi moja.

Mama Kitalu aliishika sentensi hiyo kwa mikono miwili. Siku ya saba baada ya maziko alivaa gambuti za marehemu, maana zake zilikuwa zimepasuka na miguu yao haikupishana sana, akaingia kitaluni, akakoroga kopo moja la mbolea kama alivyomwona akifanya. Binti yao wa pekee, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi mji wa pili, alikuwa amemwomba ahamie kwake. Alikataa. Nyumba bila mume angeweza kuiacha, lakini kitalu hapana. Kile ndicho kitu cha mwisho ambacho Fundi alikuwa bado anamhitaji akitunze.

Baada ya siku ile ya kwanza, nyayo zilirudi kila adhuhuri. Asubuhi njia ilikuwa nyeusi na kimya. Jua likipanda, joto likikaza ndani ya nailoni mpaka masikio yakaanza kuvuma, mguu ukatokea, kisha mburuzo, kisha mguu. Mama Kitalu alijifunza kuzisoma. Hazikwenda ovyo. Zilifuata njia, zikasimama mahali, zikageuka kuelekea mche fulani, na mche huo, siku mbili tatu baadaye, ulikuwa na majani yaliyoungua kingo na kuinama kichwa. Hakuhitaji mkalimani. Fundi alikuwa akimwonyesha wenye njaa.

"Na huyu pia?" alikuwa akiuliza. "Jana si nilimpa? Haya, basi. Mlafi kama wewe."

Akaongeza kopo la pili. Nyayo zikaongezeka. Akaongeza la tatu, na miche iliyoinama ikazidi, na nyayo zikawa nyeupe zaidi, nene, zenye kingo za chembechembe zilizometa. Zake mwenyewe hakuziona popote, wala hakujiuliza ziko wapi.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo mtu asiyekuwa na furaha angeyatilia shaka. Juu ya matuta ulitanda utando mwekundu, mwembamba, uliofanana na damu iliyokaukia kwenye kitambaa. Samadi aliyoichanganya Fundi mwaka uliopita ilikuwa bado samadi, majani yake makavu yakihesabika moja moja. Siku moja jembe liliibua kipande cha gazeti ambacho Fundi alikifukia misimu miwili nyuma, na Mama Kitalu akasoma matokeo ya mpira kana kwamba yametangazwa jana. Udongo ule haukuwa ukila tena kitu. Nyungunyungu hawakuwepo. Hata mchwa, ambao hawana adabu kwa mtu yeyote, walikuja mpaka mlangoni wakageuza. Ndani kulisikika matone tu, na matone yale nayo yalikuwa yamepungua, kwa sababu vitundu vya mipira vilikuwa vikizibwa na vijipele vyeupe ambavyo alivibandua kwa ukucha kila asubuhi.

Yeye alikuwa na furaha, na hilo lazima lisemwe. Mjane wa miaka sitini na mbili alikuwa akichana nywele kabla ya saa sita mchana.

Shule zilipofungwa binti alikuja kumtembelea mama. Alimkuta amekonda, vidole vimekauka na kupasuka, lakini anaimba jikoni. Siku ya pili alimfuata kitaluni kumwita chakula cha mchana, na kabla hajafungua mlango akamsikia anaongea. Alichungulia. Mama yake alikuwa amesimama peke yake katikati ya miche iliyokufa nusu, akitazama chini kwenye njia, anacheka.

"Unaongea na nani, Mama?"

"Na hoho. Mwalimu mzima hujui kuwa mimea hupenda kuongeleshwa?"

"Mbona zimeungua hivi?"

"Zina njaa. Nazilisha."

"Unazilisha nini?"

"Chakula cha baba yako. Haya, twende tukale, ubwabwa utapoa."

Binti akamfuata mezani. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Baada ya siku mbili alirudi kutoka mjini na mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sanduku la chupa ndogondogo. Alikuwa mpimaji. Wakulima walimwita Daktari wa Udongo, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, kwani wagonjwa wake hawajawahi kulalamika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sikujua kama kuna mgonjwa hapa."

"Tutamuuliza mwenyewe," alisema Daktari, akapiga magoti.

Tangu binti amwambie kuna mgeni, Mama Kitalu alikuwa amejitahidi waje asubuhi na waondoke asubuhi, lakini gari lao lilikuwa limechelewa, na sasa ilikuwa saa tano na nusu. Alisimama mwanzoni mwa njia ile akiwa amejaa wasiwasi wa mtu mwenye mgeni wa siri chumbani. Daktari alichota udongo hapa na pale, akauvuruga kwenye maji, akachomeka kidude chenye ncha mbili za chuma. Namba zilipanda. Akakitoa, akakifuta, akakichomeka tena. Akalowesha karatasi nyembamba, ikageuka rangi. Ucheshi ulimpungua usoni.

"Mara ya mwisho mvua kuingia humu ilikuwa lini?"

"Haijawahi kuingia. Mume wangu hakutaka."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na mbolea?"

"Kila wiki. Zamani kopo moja kwa tangi." Akasita. "Sasa matano."

"Basi udongo huu umekula chumvi nyingi," Daktari alisema, "na wala si mzee."

Binti alitabasamu kidogo. Mama hakutabasamu.

"Chumvi gani? Mimi sijaweka chumvi humu hata punje. Chumvi yangu iko jikoni."

"Unaweka mbolea gani, Mama?"

"Hii ya kawaida. Ya dukani. Ya chumvichumvi."

Daktari aliendelea kukoroga chupa yake. Mama Kitalu alilisikia neno lile likimrudia, neno alilolitamka maisha yake yote, dukani na shambani na kwenye mazungumzo ya jioni, na sasa lilikuwa limesimama mbele yake uchi. Hakuwa amewahi kulisikiliza hata siku moja.

"Huko nje," alisema Daktari kwa upole, "mmea hula sehemu yake na mvua hushuka na inayobaki. Humu hakuna cha kuishusha. Mmea unakula kijiko, nyie mnaleta sahani, na mabaki yanakaa palepale. Mwaka huu, mwaka ujao, miaka kumi na miwili. Udongo umekuwa mchachu kama ndimu, vijidudu vya kuozesha vitu vimekufa, na chumvi imezidi mpaka maji hayaingii tena kwenye mizizi. Yanatoka. Mmea haunywi kutoka ardhini, Mama. Ardhi ndiyo inayounywa mmea."

"Lakini majani yameungua kwa njaa. Nimeona."

"Yameungua kwa kiu, maji yakiwa miguuni. Mwenye njaa na aliyevimbiwa wote hujikunja tumbo. Ukimlisha wa pili unamuua."

Jua lilikuwa limefika juu. Mama Kitalu aliuhisi mvumo ukianza masikioni, akajua bila kutazama, akasogea kusimama katikati ya njia na kulitandaza gauni lake kwa mikono miwili. Lakini gauni lina upana wake. Nyuma yake, kwenye njia nzima mpaka tangini, weupe ulikuwa umeanza kupanda.

"Mungu wangu," alisema binti.

Daktari alirekebisha miwani. Hakushangaa hata kidogo, na kule kutoshangaa kulimuumiza Mama Kitalu kuliko kama angecheka. "Hizo ziko kwenye kila kitalu kilichochoka," alisema. "Mguu ukikanyaga, udongo hubana. Palipobana, maji ya chini hupanda upesi. Yakifika juu jua linayanywa, chumvi inabaki. Popote mtu alipokanyaga asubuhi, mchana panamtangaza."

"Ni za zamani hizo," alisema Mama Kitalu haraka. "Ni za marehemu. Alipita humu miaka mingi, zimeshikamana."

"Njia haikulimwa tangu afariki?"

Binti ndiye aliyejibu, taratibu, kama mtu anayeogopa kuifikia sentensi yake mwenyewe. "Juzi nilikuona ukiisawazisha kwa reki, Mama. Yote. Ilikuwa laini."

Wakazitazama zile nyayo. Mguu kamili, mburuzo. Mguu kamili, mburuzo. Binti akainua macho polepole, akayashusha kwenye gambuti za mama yake, zilizokuwa na ukoko mweupe mpaka kifundoni.

"Mama, hebu tembea mpaka pale kwenye tangi."

"Nitembee kwa nini? Mimi ni maonyesho?"

"Tembea tu. Tafadhali."

Akatembea. Ni hatua kumi na tano. Alikuwa ametembea hivyo kila siku kwa miezi tisa na hakusikia kitu, kwa sababu mtu hausikii mwendo wake. Sasa alisikia. Mguu wa kushoto ukatua mzima, na wa kulia, kwenye kiatu kilicholiwa upande mmoja na miaka ya mguu mbovu, ukateleza kwa nje na kuburuza. Nyuma yake binti alitoa sauti ambayo hakuwa ameitoa hata siku ya maziko.

"Baba," alisema.

Daktari alifunga sanduku lake. Kabla ya kuondoka alieleza dawa, na dawa yenyewe ilikuwa fupi. Mawingu ya msimu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Avue nailoni yote kabla ya mvua. Achimbe mfereji upande wa chini, mbali na kisima. Mvua iunyeshee udongo msimu mzima bila kupandwa kitu, kisha yapandwe mahindi ya kunyonya mabaki, yakatwe mabichi na kutolewa nje bila kuvunwa, na mbolea ya dukani isikanyage humo mpaka yeye arudi kupima.

"Na nisipovua?"

"Ukiongeza hata kopo moja, mwakani magugu hayatakubali kuota hapa. Utakuwa na sakafu, Mama, si shamba."

Mama Kitalu aliwapa mgongo wote wawili. Jioni hiyo alimwambia binti kwamba wasomi hawakosi jina la kila kitu, na kwamba yeye amekaa na Fundi miaka thelathini na mitano na anaujua mguu wake. Kesho yake asubuhi alipiga reki njia nzima ikawa laini kama unga. Akaingia peku, mara moja, mpaka tangini na kurudi. Akatoka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasubiri.

Saa sita nyayo zikatokea. Zilikuwa na vidole. Vidole vyake mwenyewe, na kile kidogo cha kushoto kilichovunjikia kwenye kizingiti akiwa msichana. Zilikwenda tangini na kurudi, na za mguu wa kulia zote zilikuwa zimeburuzwa.

Alizitazama mpaka jua likapinda. Kisha akaingia nyumbani, peku vilevile. Nyumba ilikuwa tupu, binti alikuwa ameenda sokoni. Alipofika ukumbini alisikia kwenye sakafu ya saruji sauti ile, ikitoka mlangoni, ikielekea jikoni, kama ilivyokuwa ikienda kila siku kwa miaka kumi na minne. Akasimama ghafla. Sauti nayo ikasimama. Akanyanyua mguu wa kulia kwa makusudi, akautua sawasawa, akashika ukuta, akanyanyua mwingine. Hatua tatu akafaulu. Ya nne akasahau, na mguu ukaburuza.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, hofu halisi. Wafu hakuwaogopa kamwe. Alijiogopa yeye. Miezi tisa alikuwa akipita na kopo mkononi, akisimama mbele ya kila mche aliodhani una njaa, akiulisha mpaka ukaungua, na mchana akirudi kusoma nyayo zake mwenyewe na kuziita amri. Hakuna aliyekuwa akimwonyesha kitu. Aliyekuwa akiua hoho za Fundi alikuwa amevaa viatu vya Fundi.

Na bado, usiombe, moyo haukukubali. Kwa siku nne aliwaza jambo ambalo hakumwambia mtu. Angeweza kuendelea. Gambuti zilikuwa palepale mlangoni. Angezivaa kila alfajiri, angetembea kila njia, na kila adhuhuri mume wake angekuja mweupe na kusimama kati ya matuta. Udongo ungekufa kabisa, ungekuwa sakafu kama alivyosema yule mwanamke, lakini sakafu hutunza nyayo vizuri zaidi. Alikuwa akiosha vyombo alipowaza hivyo, na akaona kwamba sahani aliyoishika ameisugua muda mrefu mpaka maji yamepoa. Binti alikuwa amesimama pembeni na kitambaa cha kufutia, akisubiri apewe.

"Mvua itanyesha lini?" Mama Kitalu aliuliza.

"Wanasema wiki hii."

"Ngazi ya baba yako iko nyuma ya banda. Kamba zimeoza, utaniangalia nisianguke."

"Nipande mimi, Mama."

"Wewe utashika ngazi."

Walifanya kazi ile siku mbili. Alikata kamba moja moja kwa kisu cha kupogolea, kuanzia upande wa mlango, na nailoni ilishuka kwa kishindo kikavu, vumbi la miaka kumi na miwili likimwagika juu ya vichwa vyao. Mbavu za mabomba zikabaki wazi. Jua lilipoupiga udongo ule moja kwa moja kwa mara ya kwanza, wote wawili waliacha kazi wakautazama. Ulikuwa na rangi tatu, nyeupe na nyekundu na kijivu, na haukufanana na udongo wa upande wa pili wa ua, umbali wa hatua moja.

Mvua ilikuja alasiri ya siku ya tatu, bila hodi. Mama Kitalu aliitazama akiwa chini ya upenu, nguo imemganda mabegani. Mwanzoni udongo uliikataa. Maji yalisimama juu ya matuta, yakatetemeka, yakatafuta pa kuingia na hayakupaona, na kwa muda ilikuwa kama kunyeshea kioo. Kisha mapovu yakaanza kupanda, moja hapa, moja kule, halafu mengi, na ardhi nzima ikatoa mlio mwembamba, wa chini kwa chini, ambao binti alidhani ni nyoka na mama hakudhani kitu. Ukoko ukapasuka. Maji yakazama. Kwenye mfereji ulioelekea mbali na kisima yakatoka mengine, mazito, ya rangi ya chai ya maziwa, na harufu yake haikuwa ya mvua. Ilikuwa harufu ya duka la pembejeo.

Ilinyesha siku hiyo na usiku wake, ikanyesha kesho, ikapumzika, ikarudi. Aliacha kuhesabu. Mfereji ulianza kwenda na maji mepesi zaidi.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, na jua likatoka kali. Mama Kitalu akafika penye mlango wa kitalu, ambao sasa ulikuwa fremu tu iliyosimama bila ukuta. Udongo ulikuwa mweusi tena, umelala sawasawa kutoka pembe hadi pembe, matuta yamebonyea, njia hazijulikani. Haukuwa na alama hata moja. Hakuingia. Alikaa kwenye ndoo akasubiri jua lipande, na alijua anachokisubiri, na alijua kuwa hakuna aliyekanyaga pale, si yeye wala mwingine, hivyo kwa maelezo ya Daktari hakuna kinachoweza kutokea. Alisubiri hata hivyo. Saa nne ikapita, saa tano. Mvuke ulianza kupanda kutoka ardhini, ukayumba kati ya mbavu za mabomba, ukatawanyika. Saa sita ikafika. Weusi ulififia kidogo juu, ukawa kahawia, rangi ya udongo wa kawaida. Ukabaki hivyo.

Akasubiri saa saba. Akasubiri saa nane.

"Kumbe umekwenda," alisema.

Binti, aliyekuwa akija na sahani ya chakula iliyofunikwa, alidhani ameambiwa yeye. "Nani kaenda, Mama?"

"Baba yako."

Binti aliiweka sahani chini. Alikuwa amelijua hilo kwa miezi kumi, alikuwa amesimama kaburini na kutupa udongo kwa mkono wake, lakini alipomtazama mama yake usoni alikaa chini kwenye tope karibu na ndoo. Wakashikana, wakalia kwa sauti, kama watu walioletewa habari asubuhi ileile.